Kishada na Baiskeli Isiyofika Popote

Kishada alikuwa na mbio, jamani, msiulize. Siku moja kivuli chake kilibaki kona ya tatu kikiomba maji, na asiyeamini shauri yake. Kisha mfupa wa muundi wa kushoto ukapata ufa, mwembamba kama unywele, ukamlaza chali mwanamke mzima.

Mchujo wa timu ya taifa ulikuwa umebakiza wiki tisa. Miaka thelathini na mmoja anayo. Mchujo mwingine ni baada ya miaka minne, na nani atamngoja?

Daktari wa viungo alimkataza kukimbia, hata kukimbia mvua. Kocha akaja nyumbani kumpoza.

"Usilie. Moyo na mapafu havina ufa. Wiki hizi utanolewa na baiskeli."

Mama yake, aliyekuwa jikoni, alidaka maneno mawili tu: kunolewa, na baiskeli. Kulipokucha akamkokota mpaka sokoni kwa kaka yake, mnoa visu, ambaye baiskeli yake imesimamishwa juu ya stendi ya chuma. Ukikanyaga pedali, linazunguka jiwe.

"Kaka, mwanao huyu. Kocha kasema umnoe."

Mjomba akamtazama juu mpaka chini. "Nianzie upande gani?"

Kishada alicheka mpaka akatokwa na machozi. Kicheko kikaenda zake, machozi yakabaki. Baiskeli nyingine hakuwa nayo. Na hii, ukiitazama vizuri, haikuwa na kosa: mguu haubebi uzito, jasho linatoka. Akapanda.

Alikanyaga kama anayefukuzwa. Mjomba akiweka panga kwenye jiwe, linatoka sindano. Wembe wa kinyozi ulipata makali hata ukaikata salamu ya mpita njia katikati. "Habari" ikasikika, "za asubuhi" ikaanguka chini.

"Dada, utafika lini?" muuza nyama akamchokoza.

"Nikifika nitakupungia."

Mdomo ulitania, lakini kichwa kilihesabu siku. Kila asubuhi alikanyaga saa nzima, akiinua macho ni muuza nyama yule yule, na wenzake huko uwanjani wanakula mizunguko. Wiki ya tano uvumilivu ukamwisha. Akashuka, akakimbia kuelekea bombani. Hatua ya saba ikampigisha magoti mbele ya ndoo za watu.

Mjomba akamwinua kwa makwapa. "Hapo umenoa, mama," akasema taratibu, na safari hii hakuwa anazungumzia visu.

Wiki ya nane akalala juu ya kitanda cha daktari. Daktari akaweka dole gumba kwenye mfupa, akabonyeza.

"Inauma?"

"Hata!"

Mdomo ulisema hata, lakini mkono ulikuwa umekamata kola ya daktari, vifungo viwili vikaruka mpaka chini ya kabati.

"Basi niachie shingo," akasema daktari.

Kishada hakuachia. "Mwandikie kocha nimepona. Nikivunjika nivunjikie uwanjani."

"Ukivunjikia uwanjani hutakimbia tena maishani. Mchujo huu utapita bila wewe."

Vidole vikalegea kimoja kimoja. Nje mgonjwa mwingine akabisha hodi.

"Na baiskeli?" akauliza.

"Baiskeli endelea."

"Niendelee niende wapi, daktari?"

Daktari akainama kutafuta vifungo vyake, na akakawia sana huko chini.