Spika za Nyakatuntu na Kahawa Niliyoikataa

Sina sababu ya kukudanganya. Anayedanganya ni mtu anayetaka kukuuzia kitu, na mimi hapa siuzi. Kwetu Kihanga wapo wanaosema kwamba siku ile nilikuwa nimepitia pombe ya rubisi njiani. Sikupitia. Nilikuwa juu ya pikipiki yangu, akili zangu zote kichwani, na jua bado linawaka juu ya migomba. Umezoea kusikia kwamba mambo haya hutokea usiku wa manane, si ndiyo? Hata mimi nilizoea hivyo. Ndiyo maana sikuogopa pale nilipotakiwa kuogopa.

Kwanza unifahamu. Shule niliiacha darasa la nne, na sijutii. Nilianza kwa kusukuma baiskeli yenye mikungu ya ndizi kupanda mlima wa Kayanga, viatu sina. Leo nikipita na lori langu la kahawa hata waliosoma wananipungia mkono. Nyumba yangu ina vigae na choo kiko ndani. Sisemi haya kujisifu, ingawa nikijisifu nina haki. Nasema ili ujue kwamba mimi ni mtu anayejua kununua. Kahawa naipima kwa kuinusa tu, gunia likiwa bado limefungwa. Sasa mtu kama huyo anashindwaje kuchagua spika?

Baba yangu alikuwa akiishi kwangu. Masikio yake yalikuwa yanaziba kidogo kidogo, kama njia ya shambani isiyopitiwa na watu. Mama alitutoka zamani. Alikuwa mwimbaji wa kwaya ya usharika, sauti ya kwanza, na alibakiza kaseti moja waliyorekodiwa enzi wazazi wangu wakiishi Nyakatuntu, mimi nikiwa bado mgongoni. Picha yake hatuna. Ipo moja ya harusi ya watu, lakini uso wake umeliwa na unyevu. Kwa hiyo mama yangu wote alikuwa ndani ya ile kaseti. Nikaipeleka kwa fundi redio akaihamishia kwenye flashi, nikaicheza kwenye simu. Baba akaibana simu sikioni, akatikisa kichwa.

"Nasikia nzi," akasema.

Baada ya muda akaniita uani. "Mwanangu, wewe Mungu amekujalia. Ninunulie kitu chenye sauti, nimsikie mama yako kabla haya masikio hayajafunga kabisa. Sitakuomba kingine."

Nitakuambia ukweli, nilijikuna kichwa. Lori lilikuwa gereji, injini iko chini, na msimu wa kahawa ulikuwa haujafunguliwa. Lakini utamwambia nini mzee wako? Kwamba wewe tajiri wa Kihanga hela imekwisha? Nikasema, "Sawa, Baba. Nitakuletea kikubwa."

Nikaenda Kayanga kwenye duka la Projesti, mtu ninayetaniana naye miaka yote. Alikuwa na sabufa mpya, nailoni yake haijatolewa, taa zake zinabadilika rangi kama za harusini. Nikachomeka flashi. Duka zima likatetemeka, hadi makopo ya rangi yakagongana rafuni. Lakini waimbaji walizama chini ya besi. Mama yangu akawa kama mtu anayeimba ndani ya pipa la maji.

"Projesti, punguza huo mdundo."

"Nikiupunguza utakuwa umenunua nini sasa?"

Nikamwuliza kama anajua mwenye spika za zamani, zile za mbao, maana nilishasikia kwamba zile humtoa mtu kama alivyo. Projesti alicheka mpaka akashika meza.

"Mtu mwenye lori anataka mtumba? Kaka, spika ya mtumba ni sawa na kuoa mjane usiyejua kilichomuua mumewe."

Wateja wakacheka. Nikacheka nao, nikatoka bila kununua. Kwa hela niliyokuwa nayo ningepata ile sabufa, au spika za mtumba kubwa zaidi kama ningempata mwenye nazo. Na mimi kikubwa kwa bei ya kidogo ndicho kilichonijenga.

Kesho yake nilikuwa na safari ya Nyakatuntu kuangalia kahawa iliyokuwa bado mitini. Nilipomaliza nikageuza, ikawa kama saa kumi jioni. Nilikuwa nateremka taratibu kwenye njia ya matope, injini nimeizima ili nisichome mafuta bure, ndipo nikasikia kwaya.

Niamini. Haikuwa sauti ya redio. Ilikuwa kwaya, watu, wamesimama ndani ya shamba la migomba. Kila mmoja unamsikia peke yake. Nikasimamisha pikipiki, nikaifuata ile sauti.

Migomba ilipoachana nikaona nyumba ya udongo, na nje yake mzee amekaa kwenye kigoda, kofia ya sufu kichwani ingawa kulikuwa na joto. Jicho lake la kushoto lilikuwa na ukungu. Mbele yake spika mbili za mbao, kila moja inafika kiunoni kwa mtu, mbao nyekundu isiyo na mkwaruzo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, waitu. Karibu. Hizi ndizo unazozitafuta."

"Nani amekwambia natafuta?"

"Anayetafuta spika hutembea ametega sikio upande mmoja. Nimekuona tangu kule juu."

Nikacheka. Hata wewe ungecheka. Nikainama kuzikagua kama ninavyokagua kila kitu. Nikagonga mbao, nikapitisha kidole kwenye kitambaa cha mbele. Nyuma niliona nyaya zake zimeshuka ukutani zikaingia ardhini. Nikadhani amezifukia zisikanyagwe na mbuzi. Umeme haukuwepo pale, wala sola juu ya nyasi za ile nyumba. Haya niliyaona kwa macho, lakini kichwa kilikuwa kwenye bei.

Ndipo nikamsikia mama.

Wimbo ulifika ubeti wa tatu. Kabla ya ubeti ule, kwenye kaseti yetu, mama huvuta pumzi, ndefu kidogo kupita wenzake. Naijua pumzi ile kama ninavyojua mlango wa nyumba yangu. Nikaisikia ikivutwa karibu na shingo yangu, na nywele zikanisimama. Flashi yangu ilikuwa mfukoni. Sikuwa nimechomeka kitu chochote. Kwa nini sikukimbia? Kwa sababu aliimba. Aliimba ubeti wote, na mimi mtu mzima nikashika mbao ya ile spika kama mtoto anayeshika kanga ya mamaye.

Ulipoisha nikajikohoza. Nikasema, "Mzee, nazichukua. Taja bei."

"Bei haitatushinda. Kwanza kahawa."

Akachukua kikapu kidogo chenye kifuniko, kile cha kumwekea mgeni kahawa ya kutafuna. Kwetu hilo linajulikana, mgeni hakai bila kupewa. Lakini huyu hakunimiminia kiganjani kama desturi ya mgeni. Alichagua tunda moja, akalipasua kwa kucha, zikatoka mbegu mbili. Moja akaishika yeye. Nyingine akaninyooshea.

Kama wewe si wa huku nikueleze. Mbegu mbili za tunda moja, watu wawili wakigawana wakazitafuna, huo ni omukago. Mnakuwa ndugu kupita wa tumbo moja. Shida yake ni yako, mlango wako ni wake, na hakuna wa kumnyima mwenzake. Siku hizi wengi wameacha, lakini hakuna mzaliwa wa Karagwe wala Kyerwa asiyejua maana yake.

Na mimi nikafanya hesabu zangu. Nikaiangalia nyumba ya udongo, nikaiangalia kofia ya sufu. Nikajiambia, huyu mzee mjanja. Ameniona nina pikipiki nzuri na koti la ngozi, anataka ndugu tajiri kwa mbegu moja. Kesho atakuja Kihanga na wajukuu wanaotaka ada.

Nikamwambia, "Mzee, mimi kahawa nauza kwa magunia. Siitafuni."

Nilidhani nimesema neno la kuchekesha. Hakucheka. Aliufunga mkono wake polepole, na kwaya ikanyamaza.

"Basi kanunue mpya," akasema. "Mpya haina mtu ndani."

Nilijaribu kumbembeleza kwa bei, akawa anaangalia migomba kama vile nimekwisha kuondoka. Nami nikakasirika. Kukataliwa na mzee wa nyumba ya udongo? Niliwasha pikipiki, nikaenda mpaka Kayanga, nikamkuta Projesti anafunga duka, nikamfungulisha.

"Umeona?" akasema Projesti akifunga boksi kwa kamba. "Kitu kipya unalala usingizi."

Nilipofika nyumbani baba alikuwa amekwisha kuvaa koti lake la kanisani. Mke wangu alikuwa amemwambia sitarudi bila spika, basi akavaa na kukaa sebuleni kama mtu anayesubiri mgeni. Nikaipanga sabufa, nikapunguza besi yote, nikachomeka flashi. Kwaya ikaimba. Na kwa kweli iliimba vizuri, baba akafumba macho, kidole chake kikawa kinahesabu kwenye goti.

Ukaja ubeti wa tatu. Pumzi haikuvutwa.

Sauti ya pili ilikuwepo, besi walikuwepo, hata yule anayekohoa mwishoni alikuwepo. Mahali pa mama palikuwa pamebaki wazi, kama jino lililong'olewa. Baba akafumbua macho.

"Mama yako yuko wapi?"

Nikarudisha wimbo, nikajaribu simu. Nikaleta redio ya zamani nikacheza kaseti yenyewe. Hakuwepo popote. Mke wangu, ambaye ameisikia kaseti ile mara nyingi, akaanza kulia jikoni.

Baba akaniuliza nilipita wapi. Nikamweleza yote. Nilipotaja kofia ya sufu na jicho lenye ukungu, akanishika mkono kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo.

"Huyo ni Bitegeko. Ndiye aliyewarekodi kina mama yako. Tulikula naye kahawa, mimi na yeye, na nilimzika kwa mikono hii ulipokuwa hujaota meno." Hakuogopa baba yangu. Alikasirika. "Ndugu wa kahawa hakunyimi kitu, hata akiwa chini. Nilitaka kumsikia mke wangu, naye akaniletea. Ile mbegu ilikuwa ya kwangu. Wewe ulikuwa mkono tu wa kunipokelea. Ulishindwaje kupokea?"

"Sikumjua, Baba."

"Kahawa haihitaji umjue mtu. Sasa alichokuja nacho ameondoka nacho."

Alfajiri nilirudi Nyakatuntu. Njia niliiona, migomba niliiona, lakini ilikuwa imezeeka na kuingiliwa na magugu. Nyumba haikuwepo. Palikuwa na kaburi la mawe, msalaba wake umeinama. Mama mmoja alikuwa akipalilia maharage jirani, nikamwuliza mwenye spika za mbao anaishi wapi.

"Hapo ni kwa marehemu Bitegeko," akasema. "Watu wake walihama zamani. Spika za nini, baba? Wafu wanacheza muziki?"

Nikamwomba kahawa ya kutafuna, akanipa. Nikalipasua tunda, mbegu moja nikaiweka juu ya jiwe, nyingine nikaitafuna nimepiga magoti kwenye umande, yule mama akiniangalia kama kichaa. Nikaita jina la baba yangu, nikamwambia Bitegeko nimekuja kwa niaba yake. Ndege waliendelea na kazi zao.

Baba aliishi mpaka mvua zilizofuata. Hakunilaumu tena, na hilo ndilo lililoniumiza. Kila jioni alisema, "Weka." Naweka. Ubeti wa tatu ukifika anainamisha kichwa karibu na spika, analisikiliza lile pengo mpaka linakwisha, halafu anasema nizime. Alikufa akiwa na kumbukumbu ya sauti ya mama kichwani. Mimi sina. Nikijaribu kuikumbuka sauti ya mama usiku, nasikia kwaya ya watu wengine wote. Mafundi wa Kayanga na wa Bukoba wameisikiliza ile kaseti, kila mmoja anasema ni nzima, haijafutwa mahali.

Kwa hiyo wewe unayehesabu vihela vyako hapo, unapima ununue mpya au mtumba, sikukatazi chochote. Lakini kama nyumbani kuna mzee anayengoja kusikia kitu, msikilizishe leo kwa chochote ulicho nacho. Na mkono ukinyooshwa kwako na kahawa ndani yake, pokea, utafune. Ni ya nani utauliza baadaye.