Shimo Katika Paa la Gari Letu

Silikoni mbichi, ile gundi ya kuzibia nyufa, hunuka siki. Harufu hiyo ikinipata popote, inanirudisha sokoni Katito, kwenye uwanja wa fundi wa magari, msimu wa mvua nilipokuwa darasa la tano. Katikati ya uwanja ilisimama vani yetu ya familia, ambayo kabla ya baba kuinunua ilikuwa ikibeba omena, wale dagaa wa ziwani. Tuliiosha kwa sabuni, kwa ndimu, hata kwa majivu, lakini jua likipanda tu, omena walirudi wote. Vioo vya nyuma havikufunguka. Na huko nyuma ndiko alikopenda kukaa Dani, mama mzazi wa baba, kwa sababu mbele, alisema, malori yanamjia usoni. Dani alikuwa na pumu, na kliniki yake ilikuwa Kisumu mjini. Safari iliyotangulia tulipofika Ahero midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Tulimketisha kando ya barabara, mama akimpepea kwa leso, nami nimeshika viatu vyake bila kujua nivifanyie nini.

Ndipo baba akaamua kutoboa paa na kuweka feni ya kuvuta joto na harufu nje. Wahenga walituonya tuzibe ufa. Sisi tulikuwa tunautafuta. Dani aliposikia alikataa katakata. Kwake yeye, paa la mwenye boma haliguswi ovyo akiwa hai. Linalovunjwa ni la marehemu. “Wuoda,” alimwambia baba, yaani mwanangu, “unataka nipande gari la mtu aliyekufa?” Baba, mwalimu asiyejua hata kupigilia msumari, alikuwa amepanga fundi ndiye atoboe. Mimi nilikasirika hadi machozi yakanilenga. Kliniki ilikuwa kesho yake, na niliona wazi kwamba bibi yangu angekufa kwa ajili ya bati. Mwishowe akatoa sharti: mwenye gari atoboe mwenyewe, yeye akimwona. Anayekata paa lake kwa mkono wake, alisema, huyo anajenga.

Basi baba akavua viatu, akapanda juu na drili ikimtetemesha mpaka miwani. “Mwalimu, usiisukume,” fundi alimwambia kutoka chini. “Iache ile bati yenyewe.” Mawingu yalikuwa yameshafunika vilima vya Nyabondo, nami sikutulia, nilikuwa nikitazama shimo, kisha mbingu, kisha Dani. Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Matone ya kwanza yalitukuta tumetandaza turubai juu ya gari, fundi akipaka silikoni kwa kidole kuizunguka feni huku akinung'unika.

Kesho yake feni ilinguruma njia nzima. Tulipopita Ahero, mama aligeuka akasema Dani amelala. Hakuna aliyemwamini; Dani hajawahi kulala garini. Baba alisimamisha gari, akazima injini, akazima na feni, tukabaki tumezuia pumzi zetu tukitafuta yake. Dani akafungua jicho moja. “Mbona mmeizima?”

Aliishi miaka mingi baada ya hapo, akafia kitandani pake, usingizini. Gari langu la leo lina kiyoyozi, vioo vyote vinafunguka kwa kidole, na wanangu wana mapafu ya farasi. Hata hivyo mmoja wao akisinzia nyuma, nazima redio kabla sijajua nimeizima, na siiwashi mpaka nimsikie.