Chupa Zilizosuuzwa kwa Spiriti

Daktari simpendi, wala sitajifanya. Si daktari wa sindano. Ni msomi mkuu wa maabara yetu, mtu wa kuingia bila salamu na kutoka na sifa za wenzake. Ila habari hii ni ya shangazi yangu, aliyeosha vyombo vya maabara hiyo miaka ishirini na miwili, na akaniombea mimi kazi ya kupima unga.

Unga wenyewe ni kichocheo. Jani hutumia mwanga wa jua kugeuza hewa ukaa kuwa chakula. Daktari alitaka unga wake, ukimulikwa na taa ndani ya chupa ya maji, uigeuze hewa hiyo kuwa spiriti ya kuwashia majiko. Miaka mitatu haukutoa kitu. Basi akachoka kusubiri vitu vikauke kwenye tanuri, akaamuru chupa na unga visuuzwe kwa spiriti, vikauke upesi. Amri aliiandika kwa mkono wake, akaibandika juu ya sinki.

"Baba, unga huu unanyonya," shangazi alimwambia. "Spiriti haitatoka yote."

"Mama, wewe kazi yako sabuni."

Wiki hiyohiyo mashine ikaonyesha spiriti kwenye chupa. Daktari akavimba kichwa, akaalika wafadhili. Sisi tukampaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Shangazi hakumpaka mtu mafuta. Aliandaa chupa mbili za unga: moja ikasuuzwa kwa amri ya Daktari, nyingine ikakaushwa kwa tanuri. Zote akazijaza nitrojeni tupu, bila hewa ukaa hata chembe, akaziweka chini ya taa. Ile ya tanuri haikutoa kitu. Ile ya Daktari ilitoa spiriti vilevile. Akampelekea majibu mbele yetu sote.

"Hii unayoipima, baba, ni ile uliyosuuzia mwenyewe."

Alifukuzwa saa ileile, eti kagusa mashine. Alivua glavu, akazitundika kwenye bomba kama kila siku, akaniangalia. Mimi nikaendelea kupima unga.

Wafadhili walikuja. Mama mmoja miongoni mwao akataka jaribio lilelile, bila hewa ukaa. Spiriti ikatoka. Daktari, mtu asiye na haya, akasema, "Mwosha vyombo ndiye aliyechafua. Tumeshamfukuza."

Yule mama akanigeukia. "Ni kweli?"

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Kuikata ile kulihitaji kidole changu tu, nionyeshe karatasi juu ya sinki, hatua mbili kutoka nilipokuwa. Niliufyata. Jioni karatasi haikuwepo.

Jumamosi nikampelekea shangazi glavu zake. Habari za siku ya wafadhili zilikuwa zimenitangulia: maabara mbili zilishamkataa, kwa kuwa ni mchafu. Mchafu, yeye! Nikaanza kumtukana Daktari pale mlangoni. Mwizi, mnafiki, hana utu. Aliniacha mpaka pumzi ikaniishia.

"Walipokuuliza, ulisema nini?"

"Shangazi, na mimi wangenifukuza."

Alizipokea glavu, akazigeuza ndani nje, akazikagua vidole. Sikuwa nimeziosha.

"Kaoshe," alisema, akanirudishia, akafunga mlango.