Rota Iliyoibwa Kwenye Lori la Pamba

Bado nina hasira, na wa kumkasirikia ni mimi mwenyewe. Juzi asubuhi, kijijini nje ya Kahama, lori langu lililojaa pamba lilikataa kuwaka. Nilizungusha hendeli mpaka viganja vikachubuka. Injini inazunguka, plagi haitoi hata cheche. Nikafungua distribyuta. Rota, kile kipande kidogo kinachogawa moto kwenye plagi, haipo.

Nikamrukia Mzee Masanja, mlinzi aliyekesha kando ya lori, ambaye nilikuwa nimetoka kumwamkia shikamoo.

"Mwizi mkubwa wewe. Rota yangu umeiuza wapi?"

"Sijui hata ikoje, mwanangu."

Nikamkokota kwa shati hadi kwa mwanangwa, mkuu wa kijiji, watu wakitufuata. Nikadai afungwe.

"Hicho kitu kikoje?" mwanangwa akauliza.

Jasho la ghadhabu lilikuwa linanitiririka. Nikavuta leso mfukoni nijifute, kitu kikadondoka. Jioni iliyotangulia nilikuwa nimeing'oa rota kwa mkono wangu, kama tufanyavyo madereva tukilala njiani, lori lisiibwe.

Mzee Masanja akainama, akakiokota, akakipangusa vumbi.

"Ni kama hiki, mwanangu?"