Eda Asiyoikaa Mama

Asubuhi ile mama alikuwa akimgombeza baba kwa sababu ya samli. Baba alizoea kuichota kwa wizi, kisha akajitia hamnazo.

"Panya wa mji huu wana adabu," akasema. "Wanakula samli na kopo wanalifunika."

Mama akacheka hata ugomvi ukampotea. Ndivyo tulivyoishi, sisi watatu, katika mji mdogo ng'ambo ya mpaka, upande wa Kismayu. Baba alikuwa fundi cherehani, na ndiye aliyeosha maiti wa kiume mtaani kwetu. Kila akitoka kuosha aliniletea peremende, nisije nikaiogopa mikono yake. Nami siku hizo nilikuwa bado sijaweza kufunga Ramadhani nzima.

Vita tulivisikia kwa mbali, kama habari za watu wengine. Adhuhuri ile viliingia mtaani.

Risasi. Kimya. Risasi tena.

Jirani yetu, Bwana Omari, aliuawa mlangoni pake. Watu wakakimbilia boti. Mama alinishika mkono. Baba alikuwa kizingitini, anakunja mikono ya shati.

"Twende, Shee," mama akamwambia.

"Tangulieni. Siwezi kumwacha Omari hivi na damu yake. Nikishamzika nakuja."

"Na sisi je?"

"Nyinyi mko hai."

Sikumwona tena.

Tulihangaika huku na kule, mwisho tukatua Malindi, mtaa wa Shella. Mama akawa anapika mahamri ya kuuza. Kila aliyefika kutoka kwetu, mama alimwendea kumuuliza habari za Shee. Wengine walisema amekufa, wengine walisema wamemwona mzima. Aliyeliona kaburi hakuwepo.

Wanawake wa mtaa walimjia kwa upole.

"Bi Mwanaesha, kaa eda, dada yetu. Umwombee mumeo."

"Eda ya nani? Mume wangu yuko kazini."

Na Ijumaa ikifika alitia wanja, akavaa kikuba cha asumini, mambo ambayo mwanamke aliye edani hayagusi, akapita mbele za watu makusudi wamwone. Walimsengenya wakachoka. Mama alikuwa mkaidi, na mimi nilimpenda kwa ukaidi ule, maana ndio ulionifanya niwe na baba. Kwangu alikuwa mtu aliyechelewa tu. Mama alizeeka na wanja wake.

Amefariki mwaka huu, mvua zilipoanza. Siku ya hitima majirani walijaa barazani. Kwetu, kabla ya dua, mwenye msiba hutaja maiti wake wote, wa zamani na wa sasa, thawabu za kisomo ziwafikie. Maalimu akaja nyuma ya pazia nilipokaa.

"Mama yako tumeshamtia. Na baba yako, binti yangu, tumtaje?"

Nisipomtaja, hana mwingine duniani wa kumwombea. Nikimtaja, ndiyo nimemzika, bila maji wala sanda, yeye aliyeosha mtaa mzima. Nilimwonea mama uchungu, na hasira pia. Yeye alisubiri mpaka mwisho, akaniachia mimi neno hili nilitamke peke yangu. Nje watu walikuwa wakikohoa, wananingoja.

"Binti yangu?"

"Mtajeni," nikasema. "Shee bin Athmani."

"Mungu amrehemu."

Wakaomba, wakaitikia amin. Wakala pilau, wakanipa mkono, wakaniambia nisubiri, wakaenda zao. Nilikosha masinia, nikakunja mikeka ya watu.

Miaka yote mama hakukubali mlango wetu utiwe komeo, kwa kuogopa kwamba mtu angefika akaukuta umefungwa. Jioni ile nililitia.