Mfiwa wa kwenye Filamu

Kyela nzima inaijua sura yake, ingawa haijawahi kuwekwa kwenye kava la filamu hata moja. Kwa miaka ishirini waongozaji wa Mbeya na Dar es Salaam wamemwita kwa kazi moja tu, ya baba aliyefiwa. Huanza kwa kuvua kiatu cha kushoto, polepole, kama anayeingia nyumba ya watu. Hukikumbatia kifuani, magoti yakalegea, ndipo itoke ile sauti nyembamba inayowaliza kina mama kwenye vibanda vya video pale Bondeni. Akiambiwa arudie, huvaa kiatu, akasimama, akaanza upya. Hajawahi kuuliza kosa lake ni lipi.

Jumanne walimzika binti yake, Doreen, huko Ipyana, migombani nyuma ya nyumba. Alikuwa amejiapiza kwamba huyu atamlilia kilio kingine, kilio chake mwenyewe. Jeneza lilipoanza kushuka alikitafuta kilio hicho asikione, na mkono ukaenda wenyewe kwenye kiatu. Mtu akaguna, "Ndiye kabisa!" Simu zikainuliwa. Akaanguka, akalia mpaka sauti ikamkauka.

Jirani aliyekuwa amechimba kaburi akachutama kando yake, udongo bado uko mikononi, macho mekundu kwa kulia. Akamshika bega.

"Pole sana, tata. Hebu rudia kidogo, simu yangu ilikuwa haijarekodi."

Naye akapangusa magoti, akavaa kiatu, akasimama.