Maandishi Niliyosoma kwa Tochi

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, kwa sababu nikishaanza sitaki kukatizwa. Mimi sinywi pombe, na siku hiyo sikuwa hata na homa. Ilikuwa Ijumaa, saa tisa mchana, kibandani kwangu Kibomet hapa Kitale.

Kazi yangu ni kutengeneza laptopu. Kibanda tulikifungua wawili, mimi na Barasa wa Kamukuywa. Ufundi nilimfundisha mimi. Miaka sita tulikula githeri ya sufuria moja, na mama yangu kule Saboti alimwita mwanangu. Mwaka jana akaniambia mama yake ni mgonjwa, anaenda nyumbani wiki mbili kumuuguza. Wiki mbili zikawa miezi minane. Nikipiga simu hashiki. Basi nikanuna, nikasema akinihitaji atanitafuta.

Ijumaa hiyo stima ilipotea, mawingu yakafunga, kibanda kikawa giza. Nikasikia mlangoni, "Niaje, bana."

Barasa! Amekonda, suti inamning'inia, laptopu iko kwapani. Nisikudanganye, nilifurahi sana, kununa kote kukaisha. Nikanyoosha mkono, hakuupokea. Aliweka laptopu mezani, akakaa kwenye stuli yake ya zamani.

"Mama anaendeleaje?"

"Ako sawa. Niangalilie hii kitu, bana. Inawaka lakini skrini ni nyeusi. Inatakikana kesho asubuhi."

Niliiwasha. Feni ikazunguka, mlio wa kuanza ukasikika, lakini kioo kilibaki giza tupu. Hapo fundi hakimbilii kununua skrini mpya. Huenda picha ipo, ila taa inayoiangaza kwa nyuma ndiyo imezima. Unachukua tochi, unamulika kwa pembeni, unainamia karibu kabisa. Ukiona maandishi hafifu, kioo ni kizima, tafuta shida kwenye taa yenyewe, fyuzi au kebo.

Nikamulika. Maandishi yalikuwapo. Sasa tochi haikuonyeshi skrini yote, inakuonyesha kipande cha ukubwa wa kiganja. Kipande nilichoanza nacho kilikuwa cha katikati: "…alijifunza ufundi wa kompyuta mwenyewe, na kwa bidii yake akafungua duka Kitale, akaliendesha bila msaada wa mtu."

Nikarudia kusoma. Wewe ungefanyaje?

"Barasa, hii ni barua ya kuomba kazi? Duka gani ulifungua peke yako? Na mimi nilikuwa nani, meza?"

"We tengeneza tu, bana."

Niamini, niliumia kama mtu aliyepigwa kofi kanisani. Nikamwita mwongo, nikamwita mwizi, nikamwambia asikanyage tena kibandani kwangu. Alikuwa anaangalia mikono yangu tu. Nilitaka kujua barua hiyo inaenda kwa nani, nikapandisha tochi hadi juu ya ukurasa. Nikakuta picha ya Barasa, amevaa suti ile ile. Juu ya picha kulikuwa na maneno: Ibada ya Mazishi ya Marehemu. Kisha jina lake lote, na siku ya Jumamosi, nyumbani Kamukuywa. Yaani kesho yake.

Nilipoinua kichwa, stuli haikuwa na mtu. Nikatazama mezani. Bisibisi ilikuwapo, tochi nimeishika mkononi, laptopu haikuwapo. Na kutoka kibandani ni lazima unipite magotini. Alipita wapi?

Nikampigia mkewe. "Shemeji, Barasa yuko wapi?"

Akaanza kulia. Barasa alikuwa amefariki Jumapili. Mama hakuwa mgonjwa hata siku moja. Mgonjwa alikuwa Barasa mwenyewe, miezi yote minane.

"Na laptopu yake?"

"Si iko hapa mezani. Skrini iliisha jana, tumeshindwa kuprinti programu ya mazishi. Kwani nani amekuambia?"

Jioni hiyo nilikuwa Kamukuywa. Laptopu ilikuwa ile ile, na shida ilikuwa kebo iliyolegea, kazi ya dakika kumi. Skrini ilipowaka nilikutana na sentensi ile, neno kwa neno. Nilikuwa peke yangu na mashine. Kuongeza maneno mawili, "na mwenzake," kungenichukua muda gani? Kwanza nikamwita shemeji nimuulize nani aliyeandika.

"Ni yeye. Alikuwa anasema kitandani, mimi naandika. Nilimuuliza, mbona wewe hutajwi? Akasema alikupigia simu mara nyingi akiwa mgonjwa, ukakataa kuja."

Hakunipigia hata mara moja! Nilimtolea simu yangu aone nilivyokuwa nikimtafuta mimi, akaangalia pembeni. Nani atasikiliza simu ya fundi dhidi ya maneno ya marehemu? Mama yake Barasa alikuwa amesimama mlangoni. "Sasa ndio unakuja?" akasema. "Mtoto wangu arikungoja."

Sikuongeza neno. Ningeongeza, wangesema nimekuja kubadilisha maneno ya maiti. Wakaprinti kama ilivyokuwa, na siku ya pili nikasimama nyuma kabisa pamoja na watu wasionijua, nikisomewa kwa kipaza sauti jinsi Barasa alivyofungua duka peke yake.

Mpaka leo nyumba ile hainisalimii. Laptopu ya skrini nyeusi siipokei, namwelekeza mwenyewe kwa fundi mwingine, na wateja wanadhani ninaringa. Kuona mfu ameketi mbele yangu nimeshazoea kukumbuka. Kinachonichoma ni kwamba alijua kazi ile nitaifanya, akanijia mimi nitengeneze uongo wake uchapishwe. Kwa nini alinichukia? Sijui, na wa kuniambia hayupo.

Nawe kama una rafiki aliyekunyamazia, usinune kama mimi. Mfuate leo, muulize umemkosea nini, na umuulize mbele ya mkewe na mama yake. Akishafukiwa, alichosema juu yako ndicho kitakachoaminika, na wewe hakuna atakayekuuliza.